Murray Walker: Je, Mtangazaji Hupimwa kwa Makosa Yake?

Murray Walker alipofariki Machi 13, 2021, akiwa na miaka 97, tanzia zilizoandikwa Uingereza zilikuwa na jambo la ajabu. Aya ya juu ilimwita mtangazaji bora wa mbio za magari kupata kutokea. Aya chache baadaye ikafuata orodha ya makosa yake ya hewani. Inasimuliwa kwamba aliwahi kusema gari lililo mbele halina mfano duniani, isipokuwa lile la nyuma yake ambalo linafanana nalo kabisa. Aliwahi pia kuuliza kama macho yanamdanganya, au ni kweli injini ya dereva Ayrton Senna inatoa mlio mbaya.

Mashabiki wapya wa Langalanga (Formula 1), wengi wao waliovutwa na mfululizo wa Netflix ulioanza mwaka 2019, hukutana na vipande hivi mtandaoni wakabaki njia panda. Huyu alikuwa bingwa wa kazi yake au kichekesho? Mkanganyiko huo haumhusu marehemu peke yake. Kila msimu watazamaji hubishana kuhusu David Croft, mtangazaji wa Sky: wengine wanasema anapiga kelele mno, wengine wanasema hizo kelele ndizo kazi yenyewe. Wapo pia wanaotaka maikrofoni wakabidhiwe madereva wastaafu, basi. Kwa hiyo kumchambua Walker ni kuchambua ugomvi ambao bado uko mezani.

Alikotoka

Walker alizaliwa Birmingham Oktoba 10, 1923. Baba yake, Graham Walker, alikuwa mwendesha pikipiki wa mashindano aliyeshinda mbio za TT za daraja la pikipiki nyepesi katika Kisiwa cha Man mwaka 1931, na baadaye akawa sauti ya BBC ya mchezo huo. Mtoto alipita chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akaongoza kifaru katika kikosi cha Royal Scots Greys, akapigana Reichswald mwanzoni mwa 1945 na kutoka jeshini akiwa kapteni. Alijaribu pikipiki mwenyewe, ila hakufika alikofika baba.

Mwaka 1949 BBC ilimpeleka Silverstone kutangaza mbio za Grand Prix ya Uingereza redioni. Aliwekwa kwenye kona ya Stowe. Hapo hapo mbele yake gari la John Bolster lilipinduka na kubingirika, dereva akarushwa nje na kulala barabarani. Kijana yule aliyeamini anamwona maiti alisema tu kwamba Bolster ametoka nje ya njia. Bolster alipona, ingawa hakurudi tena mashindanoni. Wapo wanaolisimulia tukio hili kama mfano wa ugeni wa kazi. Kwa maoni yangu ni kinyume chake: mtu aliyekuwa na kila sababu ya kupayuka alikataa kutangaza kifo asichokuwa na uhakika nacho.

Kisha ikaja shule yake ya kweli, redio ya TT. Baba na mwana waliitangaza pamoja hadi Graham alipofariki mwaka 1962. Mzunguko mmoja wa Kisiwa cha Man una urefu wa kilomita 60 hivi, kwenye barabara za kawaida zinazopita vijijini na mlimani. Waendeshaji huondoka mmoja mmoja kwa kupishana kwa sekunde, na anayeongoza kwa saa anaweza kuwa wa tano barabarani. Aliyewahi kusubiri magari ya Safari Rally kando ya barabara ya Naivasha analijua tatizo hilo. Mtangazaji huona pikipiki ikipita kwa sekunde tatu, kisha hana kitu mbele yake ila majani. Msikilizaji wa redio haoni hata hayo majani. Hapo ndipo Walker alipojifunza kujaza hewa kwa sauti, na sidhani kama aliwahi kuisahau shule hiyo hata alipohamia kwenye picha.

Miaka yote hiyo mkate wake haukutoka BBC. Alifanya kazi Dunlop, kisha Aspro, kisha akaingia katika kampuni za matangazo ya biashara na kupanda hadi ngazi za juu za kampuni ya Masius mjini London. Mojawapo ya bidhaa alizozitumikia ni Trill, chakula cha kasuku wadogo wa kufugwa ndani. Soko lilikuwa limejaa, na kasuku mmoja hawezi kula zaidi ya uwezo wake. Basi kampeni ikawaambia wenye ndege kwamba kasuku mmoja peke yake huwa mpweke, ili wamnunulie mwenzake na chakula kiuzwe maradufu. Aliyetoka kwenye ofisi ya namna hiyo anajua kwamba msikilizaji havutwi na habari mpaka kwanza aonyeshwe kwa nini imhusu.

Alistaafu matangazo ya biashara mwaka 1982, akiwa na miaka 59. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Yake iliwaka alasiri.

Kwa nini yeye, na kwa nini wakati ule

Hadi katikati ya miaka ya 1970 BBC haikuwa na mapenzi makubwa na Langalanga. Mwaka 1976 iliondoa kamera zake kwa sababu magari ya timu ya Surtees yalibeba tangazo la kondomu za Durex, jambo ambalo wakubwa wa shirika waliona halifai kuingia sebuleni mwa watu. Mwaka huohuo Mwingereza James Hunt akampiku Niki Lauda kwa alama moja na kuwa bingwa wa dunia. Ghafla nchi nzima ikataka kutazama mchezo ambao televisheni yao ilikuwa imeupa kisogo.

Kipindi cha Grand Prix kilianza mwaka 1978. Walker alikuwa na miaka 54 na alikuwa bado mtu wa ofisini. Hunt alipoacha kuendesha katikati ya msimu wa 1979, BBC ilimchukua kuwa mchambuzi, na kuanzia 1980 wawili hao wakawa katika kibanda kimoja cha utangazaji hadi Hunt alipofariki kwa mshtuko wa moyo Juni 15, 1993, akiwa na miaka 45, siku mbili tu baada ya kutangaza mbio za Kanada.

Mazingira yao ya kazi yafaa kuangaliwa kabla ya kuhukumu. Mbio nyingi za mbali hawakwenda kabisa, walizitangaza wakiwa London wakitazama picha zilezile alizoziona mtazamaji. Picha hizo zilichaguliwa na mwongozaji wa nchi mwenyeji, ambaye mara nyingi alipenda kumfuata dereva wa kwao. Magari mawili ya timu moja yalitofautishwa kwa namba na helmeti. Maandishi ya msimamo wa mbio yalitokea kwenye skrini mara mojamoja, tena kwa kuchelewa. Ulijua nani yuko wapi kwa kutunza chati ya mizunguko kwa mkono, na kituo kimoja cha kubadilisha tairi kikikupita, hesabu yote imeharibika.

Msimamo wa kwanza: kazi ya mtangazaji ni usahihi

Wanaomhukumu Walker kwa ukali wana hoja ya msingi. Mtazamaji anaona gari, hajui ni la nani. Anayemtegemea mtu mmoja kumjulisha hana budi ajulishwe sawasawa. Makosa ya Walker hayakuwa ya kuteleza ulimi tu. Alikuwa na desturi ya kubashiri kwamba fulani sasa hawezi kushindwa, na kabla hajameza mate injini ya fulani inatoa moshi. Mwenyewe alijitetea kwa mzaha kwamba yeye hakosei, bali anatoa utabiri ambao papo hapo unageuka kuwa si kweli.

Ushahidi mzito zaidi ni wa Hockenheim, Julai 2000. Kwenye kona ya kwanza Ferrari moja iligongana na Benetton ya Giancarlo Fisichella. Aliyekuwa ndani ya Ferrari ile ni Michael Schumacher, aliyekuwa akiwania ubingwa. Walker alisema ni Rubens Barrichello. Kosa hilo lilibadilisha maana nzima ya mbio, kwa sababu kutoka kwa Schumacher ndiko kulikokuwa habari, na Barrichello huyohuyo aliyetangazwa ameishia kona ya kwanza ndiye aliyekuja kushinda akiwa ameanzia nafasi ya 18. Walker alikuwa na miaka 76. Magazeti yalimshukia, na kabla ya mwaka kwisha alitangaza kwamba msimu wa 2001 utakuwa wa mwisho.

Hata hivyo hoja hii ina ufa. Inahesabu makosa bila kuhesabu mazingira. Ukichukua saa mbili za maneno mfululizo, bila hati iliyoandikwa, katika mchezo ambao washindani zaidi ya ishirini wanakwenda kwa kilomita 300 kwa saa, utapata makosa kwa mtu yeyote. Tena makosa ya Walker yalikusanywa kwa sababu yalichekesha, na yanachekesha kwa sababu sentensi zake zilikuwa hai. Watangazaji wakavu wa enzi yake walikosea pia. Hakuna aliyejisumbua kuwaandika.

Tena orodha hizo huficha maandalizi. Walker alipokuwa uwanjani alizunguka gereji za timu tangu siku za mazoezi, akiongea na makanika na madereva, akiandika. Ni Hunt, bingwa wa dunia, aliyekuwa akiingia kibandani zimebaki dakika chache mbio zianze.

Msimamo wa pili: shauku ndiyo kazi yenyewe

Watetezi wake huanzia Adelaide, Oktoba 1986. Nigel Mansell alihitaji nafasi ya tatu tu awe bingwa, na alikuwa nayo. Kwenye mzunguko wa 64 kati ya 82, tairi la nyuma la kushoto likapasuka akiwa katika mwendo wa karibu kilomita 290 kwa saa. Gari likatapika cheche, likayumba huku na huku, Mansell akipambana nalo hadi likasimama. Alain Prost akachukua ubingwa. Sentensi ya Walker wakati ule ilivunjika vipandevipande, sarufi ikaenda upande, na hata hivyo hakuna Mwingereza aliyekuwa akitazama ambaye hakuelewa kilichotokea na ukubwa wake. Mtu anayesema sawasawa angehitaji sekunde nne zaidi.

Kisha hutaja Suzuka, Oktoba 1996. Damon Hill alipovuka mstari akiwa bingwa, Walker alisema inambidi anyamaze kwa kuwa koo limemkaba. Akanyamaza kweli. Alikuwa amemjua Graham Hill, baba yake Damon, bingwa mara mbili aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1975. Hizo pia zilikuwa mbio za mwisho za BBC kabla haki za matangazo hazijahamia ITV. (Huko ITV mzee wa matangazo ya biashara alijikuta mbio zake zinakatizwa kupisha matangazo ya biashara. Sijui kama alicheka.)

Mimi ningeongeza mfano ambao watetezi huusahau, Imola, Mei 1, 1994. Gari la Ayrton Senna lilipogonga ukuta wa kona ya Tamburello, Walker alikuwa hewani. Picha kutoka Italia zilikuwa za karibu na za kutisha. Yule mtu wa kelele akashusha sauti, akaeleza kinachoonekana, hakutangaza kisichojulikana. Kifo kilithibitishwa saa kadhaa baadaye katika hospitali ya Bologna. Kijana wa kona ya Stowe alikuwa bado yumo ndani ya mzee wa miaka 70. Anayedhani Walker alikuwa kelele tupu hajakisikiliza kipande hicho.

Lakini msimamo huu nao una udhaifu, na hapa ndipo sifa za msibani hazisaidii. Mtu anayeupenda mchezo kupita kiasi hauoni uchi wake. Walker hakupenda kumsema dereva vibaya hewani. Kijana tajiri aliyenunua kiti katika timu dhaifu na kuwazuia wenzake mizunguko kumi alipata kwake maneno ya upole. Mbio za kuchosha zilitangazwa kana kwamba zinasisimua. Kuna biashara iliyofanyika hapo kimyakimya. Madereva walimwambia mambo kwa sababu walijua hatawaumiza, na yeye hakuwaumiza ili waendelee kumwambia. Mtazamaji alipata habari za ndani na kukosa hukumu.

Msimamo wa tatu: waachieni madereva

Hunt alikuwa dawa ya ugonjwa huo. Monaco, mwaka 1989, René Arnoux alikuwa akijikokota na kuwazuia wenzake. Walker, kwa uungwana, akaeleza sababu aliyoitoa Arnoux, kwamba amezoea magari ya turbo. Hunt akajibu kwa neno ambalo BBC haikuzoea kulisikia Jumapili mchana, lenye maana ya kinyesi cha ng'ombe dume. Kwa neno moja mtazamaji akapata kile ambacho Walker asingempa kwa saa mbili.

Ujuzi wa dereva ni wa aina ambayo mwingine hawezi kuiazima. Hunt alijua gari linavyojisikia tairi linapoanza kufa, na alijua pia ni visingizio gani madereva hujitungia, kwa kuwa alivitumia.

Ila dereva huja kibandani na chuki zake. Septemba 1978 huko Monza, ajali kubwa ya mwanzo wa mbio ilimjeruhi Ronnie Peterson, aliyefariki siku iliyofuata. Hunt mwenyewe alikuwa mmoja wa waliomtoa kwenye gari. Alimbebesha lawama kijana Riccardo Patrese, na madereva wakubwa wakamzuia Patrese asishiriki mbio zilizofuata Marekani. Mahakama ya Italia ilimwondolea Patrese hatia. Hunt hakumwondolea. Kwa miaka mingi, kila Patrese alipotokea kwenye skrini, mamilioni ya watazamaji walisikia sumu ileile. Hakuna kosa la ulimi la Walker lililomdhuru mtu kiasi hicho, na hakuna aliyeitia sumu hiyo ya Hunt kwenye orodha ya makosa.

Jaribio safi la msimamo huu lilifanyika mwaka 2011, BBC ilipowaweka madereva wastaafu wawili peke yao: Martin Brundle akitangaza, David Coulthard akichambua. Ilikwenda vizuri. Wanaotaka madereva watupu hulitaja kwa furaha. Wasichokitaja ni kwamba Brundle alikuwa ameshakaa kibandani tangu 1997, misimu mitano ya mwanzo akiwa pembeni mwa Walker ITV, kisha pembeni mwa James Allen, kisha Jonathan Legard. Kufikia 2011 alikuwa ameshasomea kazi ya pili. Kwa hiyo jaribio lile linathibitisha kwamba dereva anaweza kujifunza utangazaji. Halithibitishi kwamba utangazaji si kazi ya kujifunza.

Kuzipima hoja

Ugomvi huu hudumu kwa sababu kila upande unaujibu mwingine swali ambalo haukuulizwa. Wa usahihi wanauliza nani yuko wapi. Wa shauku wanauliza kwa nini nijali. Wa madereva wanauliza kwa nini imetokea. Maswali yote matatu ni ya haki, na hakuna mtu mmoja anayeyajibu yote kwa ubora uleule ndani ya sekunde zilezile.

La kwanza limepungua uzito. Leo upande wa skrini kuna orodha ya madereva wote, tofauti za muda, aina ya tairi na umri wake. Jina la aliyeanguka huandikwa kabla mtangazaji hajavuta pumzi. Kosa la Hockenheim lingesahihishwa na mtazamaji mwenyewe. Ndiyo maana mimi siwezi kuyapa makosa ya Walker uzito yanayopewa. Yalikuwa bei ya vifaa duni kuliko ya kichwa kibovu, ingawa mwaka wa 2000 umri nao ulikuwa umeanza kudai chake.

La pili limebaki palepale. Croft huanza mbio kwa maneno yaleyale yanayojulikana dunia nzima, kama Walker alivyoanza na sauti yake ya kuyaamuru magari yaende, yaende, yaende. Hiyo ni kaulimbiu, na kaulimbiu ni mali ya watu wa matangazo ya biashara. Skrini iliyojaa namba inamhitaji mtu huyu zaidi ya skrini tupu, kwa sababu namba hazimwambii anayepika jikoni kwamba sasa aache sufuria aje.

La tatu, la hukumu, ndilo deni halisi la Walker. Lilifichika kwa sababu Hunt alikuwa akimlipia. Na malipo hayo hayakuwa ya kirafiki siku zote. BBC iliwapa maikrofoni moja ya kupokezana ili wasizungumze kwa pamoja. Walker alisimulia kwamba siku moja Hunt alimpokonya, naye akamkunja kola na kuinua ngumi, mtayarishaji akamzuia. Mmoja alikuwa mwanajeshi mwenye nidhamu na mwingine mlevi aliyetembea pekupeku. Waliheshimiana kwa shida, kisha wakaheshimiana sana. Msuguano huo ndio uliofanya upole wa mmoja na ukatili wa mwingine vivumilike. Ukimtoa Hunt, Walker anabaki mchangamfu asiye na meno. Ukimtoa Walker, Hunt anabaki mtu mwenye kinyongo na kipaza sauti.

Ndiyo maana kumpima Walker peke yake, kwa kumtukuza au kumcheka, ni kupima nusu ya kifaa. Waliowahi kuweka pesa zao kwenye swali hili wanaonekana kukubali. Kibanda cha madereva wawili kilidumu msimu mmoja. Sky ilipoanza kuonyesha mbio mwaka 2012 iliweza kumlipa karibu yeyote. Kwenye kiti cha kwanza ilimweka Croft, mtu wa redio ambaye hakuwahi kushindana kwenye Langalanga. Brundle, aliyeanza mbio 158 za Grand Prix na kushinda Le Mans, alirudishwa kiti cha pili.